Mchapuko hautoki sawa: kutafuta kosa katika maswali ya mizigo, kamba na puli

Umeandika milinganyo, umejumlisha, umegawanya, na mchapuko umepatikana. Ukiulinganisha na jibu la kitabuni, hauendani. Wengi wakifika hapo hufuta ukurasa mzima na kuanza upya, kisha hurudia kosa lile lile kwa mwandiko nadhifu zaidi. Nakusihi usifute. Namba uliyoipata, hata kama imekosewa, imetoka mahali fulani. Katika maswali ya mizigo iliyounganishwa kwa kamba, makosa ya kawaida ni machache na kila moja huacha alama yake kwenye jibu. Ukizijua alama hizo, utalipata kosa bila kurudia swali zima.

Kote humu nachukulia kwamba kamba ni nyepesi na hairefuki, puli (kapi, kama wengine wanavyoiita) ni nyepesi na inazunguka bila msuguano, na g ni 9.8 m/s². Pale nitakapoziacha dhana hizo nitasema. T ni mvuto wa kamba, a ni mchapuko.

Dalili: T imelingana na uzito wa mzigo unaoning'inia

Hili ndilo kosa ninalolikuta kuliko mengine yote, kwa hiyo tulitazame kwa karibu. Mzigo wa kilo 3 uko juu ya meza laini isiyo na msuguano. Kamba inatoka kwenye mzigo huo, inapita juu ya puli iliyo ukingoni mwa meza, na upande wa pili imeshika mzigo wa kilo 2 unaoning'inia. Mwanafunzi anaandika: kamba inavutwa na uzito wa kilo 2, yaani 2 × 9.8 = 19.6 N, basi T = 19.6 N, basi a = 19.6 ÷ 3 = 6.53 m/s².

Inashawishi sana. Sasa chukua hiyo T yake na uipeleke kwenye mzigo wa chini, ambao hakuuandikia mlinganyo. Uzito unauvuta chini kwa 19.6 N, kamba inauvuta juu kwa 19.6 N. Jumla ni sifuri, hivyo mchapuko wake ni sifuri. Tumebaki na mzigo wa mezani unaoongeza kasi kila sekunde, na mzigo wa chini usioongeza kasi hata kidogo, na kati yao kamba moja isiyorefuka. Haiwezekani.

Chanzo ni kudhani kwamba kamba hupitisha uzito wote wa mzigo kama ulivyo. Kamba hufanya hivyo pale tu mzigo umetulia au unakwenda kwa kasi isiyobadilika. Mzigo unaoshuka huku ukiongeza kasi lazima uvutwe chini kuliko unavyovutwa juu, kwa hiyo T ni ndogo kuliko uzito wake. Na mzigo unaopanda huku ukiongeza kasi, T yake ni kubwa kuliko uzito. Ukilishika hilo tu, tayari una kipimo cha kukagua nusu ya majibu yako bila kitabu.

Dawa ni kuandika mlinganyo mmoja kwa kila mzigo, kila mzigo na kani zake peke yake:

Mezani: T = 3a
Unaoning'inia: 19.6 − T = 2a

Jumlisha, T inajifuta: 19.6 = 5a, hivyo a = 3.92 m/s², na T = 11.76 N. Kagua kwenye mlinganyo wa pili: 19.6 − 11.76 = 7.84, na 2 × 3.92 = 7.84. Sawa.

Na ile 6.53 ilikuwa jibu la nini? Ilikuwa jibu sahihi la swali jingine. Ungeuondoa mzigo wa kilo 2 na kuivuta ncha ya kamba kwa kani isiyobadilika ya 19.6 N, mzigo wa mezani ungechapuka kwa 6.53 m/s² kweli. Tofauti ni kwamba uzito wa ule mzigo wa chini una kazi mbili: kuuvuta mwenzake na kujisogeza wenyewe. Kilo 2 zile nazo zinataka kuchapuka. Maswali mengine huziweka hali hizi mbili pamoja makusudi, (a) na (b), na anayeyaona kuwa swali moja hupoteza alama zote za sehemu moja.

Dalili: a ni 9.8 kamili, au imezidi 9.8

Kama kinachousukuma mfumo ni graviti tu, hakuna mkono wala mota inayovuta, na mizigo imeunganishwa kwa puli isiyohama, mchapuko hauwezi kuzidi g. Ukipata 19.6 m/s², usiendelee na sehemu (b). Simama hapo.

Karibu kila mara tatizo ni alama za chanya na hasi. Mfano mzuri ni mizigo miwili inayoning'inia pande mbili za puli moja, mpangilio unaojulikana kwa jina la George Atwood, Mwingereza aliyeueleza mwaka 1784. Alitaka kupunguza ukali wa mwendo wa kuanguka ili aweze kuupima kwa saa, na ndiyo maana jibu la g nzima hapa linapaswa kukustua: mashine yenyewe iliundwa ili mchapuko uwe mdogo.

Upande mmoja weka kilo 5, mwingine kilo 3. Mwanafunzi anasema, "juu ni chanya", kama alivyozoea, na kuandika:

T − 49 = 5a
T − 29.4 = 3a

Anatoa: −19.6 = 2a, a = −9.8. Akirudisha, T = 0. Badilisha tungamo uweke kilo 7 na kilo 1, utapata tena −9.8 na sifuri. Weka yoyote yasiyolingana, jibu ni lile lile. Nimeshaona watu wakitafuta kosa la kukokotoa hapa kwa nusu saa, na hesabu yao haina dosari hata moja. Kwa kutumia a ile ile, na juu ikiwa chanya pande zote mbili, walichosema ni kwamba mizigo yote miwili inachapuka kuelekea upande mmoja. Na njia pekee ya mizigo hiyo kwenda upande mmoja kwa mchapuko mmoja ni kamba kulegea na yote miwili kuanguka. Hesabu imewajibu sawasawa na walichouliza.

Kwa hiyo ikumbuke alama hii: a sawa na g pamoja na T sifuri maana yake umesahau kwamba mmoja anapanda mwenzake anaposhuka.

Dawa ninayoifundisha ni kuifuata kamba. Weka kidole kwenye mzigo mmoja, amua mfumo unaelekea wapi, kisha tembeza kidole juu ya kamba mpaka mzigo wa mwisho. Kila mahali, chanya ni upande kidole kinakoelekea. Kwa kilo 5 chanya ni chini, kwa kilo 3 chanya ni juu. Kwa mfano wa meza, chanya ni kuelekea puli kwa mzigo wa mezani, na chini kwa unaoning'inia. Sasa:

49 − T = 5a
T − 29.4 = 3a

a = 19.6 ÷ 8 = 2.45 m/s², robo ya g. T = 36.75 N, ambayo iko katikati ya 29.4 na 49 kama inavyopaswa: ndogo kuliko uzito wa anayeshuka, kubwa kuliko uzito wa anayepanda.

Alama nyingine ya kosa hili hili ni kugawanya kwa tofauti ya tungamo badala ya jumla. Ukiona m1 − m2 chini ya mstari wa kugawanya, jiulize mizigo ikilingana itakuwaje: ungegawanya kwa sifuri, na mchapuko ungekuwa hauna mwisho, wakati kila mtu anajua kwamba mizigo sawa pande mbili za puli haiondoki. Kinachosogezwa ni mizigo yote, kwa hiyo chini ya mstari panakaa jumla.

Wapo pia wanaopata g kamili kwenye swali la meza kwa sababu wameuingiza uzito wa mzigo wa mezani kwenye kani inayovuta: (3 + 2) × 9.8 ÷ 5. Uzito ule umeshazuiwa na meza. Hauvuti mfumo popote.

Dalili: a imetoka hasi

Hapa jibu linategemea kitu kimoja: kuna msuguano au hakuna?

Kama hakuna, huna tatizo. Ulikisia upande wa mwendo kinyume. Ukubwa ni ule ule, upande ni wa pili, andika hivyo na uendelee. Usirudi kubadilisha mlinganyo mmoja na kuuacha mwingine. Hapo ndipo jibu zuri huharibika.

Kama kuna msuguano, huruhusiwi kugeuza alama tu. Tazama. Mzigo wa kilo 4 uko juu ya mteremko wa nyuzi 30, umefungwa kamba inayopita juu ya puli iliyo kileleni, na upande wa pili kilo 3 zinaning'inia. Mfumo unaanza ukiwa umetulia. Namba ya msuguano wa kutulia ni 0.4, ya kuteleza ni 0.3.

Mwanafunzi anakisia kwamba kilo 4, kwa kuwa ni nyingi, zitateremka. Msuguano kwa hiyo anauelekeza juu ya mteremko. Vipande vyake: kinachovuta kuteremka ni 4 × 9.8 × sin 30° = 19.6 N. Kinachozuia ni 29.4 N za mzigo unaoning'inia, na msuguano wa 0.3 × 4 × 9.8 × cos 30° = 10.18 N. Jumla ni −19.98 N, gawanya kwa kilo 7, a = −2.85. Anageuza alama na kuandika: mzigo unapanda mteremko kwa 2.85 m/s².

Sasa ondoa msuguano kabisa ukokotoe tena: (29.4 − 19.6) ÷ 7 = 1.4 m/s². Jibu lenye msuguano limekuwa kubwa mara mbili kuliko lisilo na msuguano! Msuguano umegeuka kuwa msaidizi wa mwendo. Alama hii haidanganyi, na kuikagua ni hesabu ya mstari mmoja. Chanzo ni kwamba alipogeuza upande wa mwendo, msuguano aliuacha ukielekea kule kule juu.

Dawa ni kuanza bila msuguano ili ujue mfumo unaelemea wapi. Hapa unaelemea upande wa mzigo unaoning'inia, kwa tofauti ya 9.8 N. Kisha uliza: je, msuguano wa kutulia unaweza kuzizuia hizo 9.8 N? Kiwango chake cha juu ni 0.4 × 4 × 9.8 × cos 30° = 13.58 N. Unaweza. Mfumo hausogei. Mchapuko ni sifuri, msuguano halisi ni 9.8 N (usiandike 13.58, hicho ni kikomo tu), na hapa, kwa kuwa kila kitu kimetulia, T ni 29.4 N, sawa kabisa na uzito wa mzigo unaoning'inia.

Na kama ungeruka hatua ya kutulia ukaelekeza msuguano wa kuteleza upande sahihi, ungepata (9.8 − 10.18) ÷ 7, yaani kama −0.05. Hasi kidogo namna hiyo katika mfumo ulioanza ukiwa umetulia inakuambia jambo lile lile: haujaondoka. Kama swali lingesema mzigo ulishasukumwa na tayari unapanda, ile hasi ingekuwa na maana nyingine: unapunguza kasi taratibu. Ndiyo maana maneno "unaachiwa kutoka hali ya utulivu" hayakuwekwa kwenye swali kama pambo. Yapigie mstari.

Dalili: namba za mteremko hazina maana

Haya ni mambo mafupi. Kama umesahau wapi ni sin na wapi ni cos, laza mteremko kichwani mwako uwe sakafu, pembe sifuri. Kinachovuta kuteremka lazima kiwe sifuri, kwa hiyo ni sin. Msukumo wa uso, yaani kani ya mteremko inayoubeba mzigo, lazima uwe uzito wote, kwa hiyo ni cos. Huhitaji kukariri.

Kama sin ya 30 imekupa −0.988, kikokotoo chako kiko kwenye radiani. Kirudishe kwenye digrii.

Na kama msuguano wako umetoka mkubwa mno, angalia kama umetumia uzito wote badala ya uzito mara cos ya pembe.

Dalili: kuna puli inayohama, na hakuna kinachokubali

Hapa ndipo wanafunzi wazuri nao huteleza, kwa sababu mazoea waliyojijengea, kwamba mizigo yote ina mchapuko mmoja, hayafanyi kazi tena.

Kamba imefungwa darini. Inashuka, inapita chini ya puli inayohama ambayo imebeba mzigo wa kilo 4, inapanda, inapita juu ya puli iliyofungwa darini, kisha inashuka na kushika mzigo wa kilo 3. Ukitumia a moja kwa wote, utapata 1.96 m/s². Ukitumia T moja badala ya mbili kwenye puli inayohama, utapata mzigo wa kilo 4 ukishuka, wakati kwa kweli unapanda.

Anza na urefu wa kamba. Puli inayohama ikipanda sentimeta 10, kamba inalegea sentimeta 10 upande wake wa kushoto na 10 upande wa kulia. Zote 20 lazima ziende mahali, na pa kwenda ni mahali pamoja tu: upande wa mzigo wa kilo 3. Kwa hiyo mzigo huo unashuka mara mbili ya umbali, kwa kasi mara mbili, kwa mchapuko mara mbili. Ichore kamba yenyewe kwenye karatasi uhesabu vipande vyake. Nimeona macho ya watu yakifunguka kwenye hatua hii kuliko nyingine yoyote.

Kani nazo: puli inayohama inashikwa na kamba pande mbili, hivyo inavutwa juu na 2T. Mchapuko wa kilo 4 uite a, wa kilo 3 ni 2a:

2T − 39.2 = 4a
29.4 − T = 3 × 2a

Zidisha wa pili kwa mbili kisha jumlisha: 19.6 = 16a. Kilo 4 zinapanda kwa 1.225 m/s², kilo 3 zinashuka kwa 2.45 m/s², na T ni 22.05 N.

Huna uhakika? Tumia nishati, ambayo haijui lolote kuhusu T. Kilo 4 zikipanda mita 1, kilo 3 hushuka mita 2. Nishati ya kimo iliyopotea ni 58.8 − 39.2 = 19.6 J. Kwa mchapuko wa 1.225, kasi ya kilo 4 baada ya mita 1 ikizidishwa yenyewe ni 2.45, na ya kilo 3, yenye kasi mara mbili, ni 9.8. Nishati ya mwendo: ½ × 4 × 2.45 = 4.9 J, na ½ × 3 × 9.8 = 14.7 J. Jumla 19.6 J. Njia mbili zisizotegemeana zikikutana kwenye namba moja, lala usingizi.

Dalili: T zinatofautiana, na hujui kama zinaruhusiwa

Kamba moja inayopita kwenye puli nyepesi ina T moja kote. Kamba mbili tofauti zina T mbili, hata kama zimefungwa kwenye mzigo mmoja. Weka mzigo wa kilo 2 kwenye meza laini, kilo 5 zikining'inia upande mmoja na kilo 3 upande wa pili: a ni 19.6 ÷ 10 = 1.96 m/s², T ya upande wa kilo 5 ni 39.2 N, ya upande wa kilo 3 ni 35.28 N. Tofauti yake, 3.92 N, ndiyo inayousogeza mzigo wa katikati. Ukizilazimisha zilingane, umeuambia mzigo wa katikati usichapuke.

Swali likitaja tungamo la puli yenyewe, hata kamba moja itakuwa na T mbili, kwa kuwa puli nayo inahitaji kani ili iongeze kasi ya kuzunguka. Puli iliyo kama sahani nzima ya kilo 2 huhesabiwa kama kilo 1 zaidi kwenye jumla ya tungamo, yaani nusu yake. Katika mfano wa kilo 5 na kilo 3, a inashuka kutoka 2.45 hadi 19.6 ÷ 9 = 2.18 m/s². Puli yenye uzito wake wote kwenye ukingo, kama pete, ingehesabiwa kilo 2 kamili. Kama jibu lako ni kubwa kidogo kuliko la kitabu kwenye swali la namna hii, tazama kama puli uliihesabu.

Dalili: jibu langu linapishana na la kitabu kwa kiasi kidogo sana

Pata uwiano wa majibu mawili. Ukikuta karibu 1.02, kitabu kimetumia g ya 10 na wewe 9.8, au kinyume chake, na katika maswali haya yasiyo na kani nyingine tofauti hiyo hupita moja kwa moja hadi kwenye jibu. Kazi yako ni sahihi. Kama tofauti ni kwenye tarakimu ya mwisho tu, umekadiria mapema mno: weka tarakimu zote kwenye kikokotoo mpaka mstari wa mwisho, kisha kadiria mara moja.